Chale, Nembo na Makovu ya Kuchanjwa: Maswali Yanayoulizwa Sana Kanda ya Ziwa

Maswali haya nimeyaokota kwa miaka mingi: kwenye vibaraza vya Kirumba, ndani ya daladala za Kisesa, kwa wanafunzi wanaopelekwa kutembea makumbusho ya Kisukuma ya Bujora na, zaidi ya yote, kwa watu wanaoniona nimevua shati ziwani. Nina chale tatu chini ya mbavu za kushoto. Nimeanza na maswali mepesi. Jambo lililokwisha kujibiwa silirudii. Nitakutuma kwenye namba yake.

## Maneno kwanza

1. Chale ni nini hasa?

Ni mikato midogo ya wembe juu ya ngozi, mara nyingi haifiki hata sentimeta moja, inayokatwa miwili miwili au mitatu mitatu, kisha ikapakwa dawa damu ikiwa bado inatoka. Dawa yenyewe aghalabu ni unga mweusi wa mizizi au majani yaliyochomwa na kusagwa. Kidonda kikifunga, masizi hubaki chini ya ngozi, ndiyo maana chale nyingi huwa nyeusi kuliko mwili unaozizunguka.

Kitendo ni kuchanja. Anayechanja huwa mganga, bibi wa nyumbani, au jirani mwenye mkono mwepesi. Si lazima awe mtu wa kutisha.

2. Chale na nembo si kitu kimoja?

Hapana. Nembo hukatwa ili ionekane: usoni, kifuani, tumboni, kwa mpangilio, na aliyeikata hujulikana kwa ufundi wake. Chale hukatwa ili ifanye kazi. Kovu lake ni masalia tu, kama tone la mchuzi lililobaki kwenye shati. Mwenye nembo hufurahi ukiitazama. Mwenye chale mara nyingi huvuta shati.

Ukiishika tofauti hii, nusu ya maswali yanayofuata utajijibu mwenyewe. Wageni wengi wanaofika Mwanza wamesoma habari za nembo za Afrika Magharibi, wakiona chale za huku wanadhani wameona kitu kilekile.

Tatuu ya wino ni jambo la tatu. Kwenye ngozi nyeusi sana wino hauonekani vizuri, ila kovu lililoinuka linaonekana hata kwa mwanga wa kibatari na kuguswa hata gizani. Hiyo ni sababu mojawapo ya watu wengi wa bara hili kuchagua wembe badala ya sindano.

3. Mbona chanjo ya kliniki na chale za mganga zinatumia kitenzi kimoja?

Kwa sababu mwanzoni zilifanana hata kwa macho. Kabla ya chanjo za kisasa, katika sehemu kadhaa za Afrika watu walijikinga na ndui kwa kuchanja ngozi na kuweka humo usaha kidogo wa mgonjwa. Mwafrika mmoja aliyekuwa mtumwa mjini Boston, Onesimus, alimweleza bwana wake, mchungaji Cotton Mather, jinsi yeye mwenyewe alivyochanjwa kwao. Ndui ilipoingia Boston mwaka 1721, maelezo yake ndiyo yaliyowafanya watu wa huko wajaribu njia hiyo.

Na kama ulizaliwa kliniki, tazama begani. Kale kakovu ka chanjo ya kifua kikuu ni chale ya Serikali. Hatuiiti hivyo, ila bibi yangu aliiita hivyo na sikuwahi kupata hoja ya kumpinga.

## Huku kwetu ziwani

4. Mwenye chale ni Msukuma?

La. Chale utazikuta kwa Wasukuma, Wakerewe, Wazinza, Wajita, Wahaya, Wajaluo, na kwa mtoto wa Kipare aliyezaliwa Nyakato. Kumtambua mtu kabila kwa chale za kifuani ni sawa na kumtambua kwa bandeji.

Zamani kulikuwa na alama za kabila kwa jirani zetu. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyepita Unyamwezi mwaka 1857, aliandika kwamba Wanyamwezi walikuwa na safu mbili za makovu madogo zilizoteremka kutoka pembeni mwa nyusi kupita mashavuni. Leo ukitembea Tabora nzima hutaziona. Watu walihama, wakaoana, wakasoma shule moja, na lugha ikachukua kazi iliyokuwa ya uso.

5. Kama hazitaji kabila, zinataja nini?

Zinataja hofu ya nyumba. Chale za Kanda ya Ziwa ni rekodi ya mahali mtu alipoumwa, au mahali wazazi walipoogopa pataumwa. Manesi wazoefu huzisoma hata kabla mgonjwa hajafungua mdomo.

Mikato chini ya mbavu za kushoto: bandama. Mtoto aliyeugua malaria mara kwa mara, tumbo likavimba upande ule, alichanjwa palepale. Mikato kwenye paji au pembeni mwa macho: kichwa kisichopona. Kifuani na mgongoni: kikohozi, kichomi. Kwenye goti na kifundo cha mguu: baridi yabisi, au kinga ya kitu kinachokanyagwa, maana wachawi huku husemwa wanatega njiani. Utosini kwa mtoto: degedege. Kwenye viwiko na mikono yote miwili kwa usawa, mara nyingi ni kinga ya jumla. "Kufungwa mwili," kama wanavyosema.

Hapo ndipo ilipo maana ya kijamii ya chale, na huwa inapitwa na watu wanaotafuta michoro ya kuvutia. Chale inasema: huyu alikuwa na mtu wa kumhangaikia. Kuna mama aliyeamka usiku, akabeba mtoto mgongoni, akavuka mbuga ya pamba kwenda kwa *nfumu*, yaani mganga, akalipa kuku. Unaweza kuikataa tiba ile (na mimi naikataa, tazama 15 na 17), lakini usikose kuuona mwendo wa usiku.

6. Ni kweli wacheza ngoma wa Kisukuma huchanjwa?

Wengi, ndiyo. Wasukuma wana vyama vikubwa viwili vya ngoma, Wagika na Wagalu. Simulizi zinawataja Ngika na Gumha, mahasimu wa karne ya 19 walioshindana kwa ngoma na dawa. Mashindano yao ni rahisi kuyaeleza: vikundi viwili vinapiga uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na kundi lenye watazamaji wengi limeshinda. Kwa hiyo dawa inayotafutwa ni ya mvuto, pamoja na kinga dhidi ya dawa za upande wa pili.

Kijana anayeingia chamani hupewa dawa, na sehemu yake hupitishwa kwenye chale. Maana yake ni zaidi ya bahati. Dawa ya chama ikishaingia mwilini huwezi kuhama upande kirahisi. Umechanjwa Mgalu, umekuwa Mgalu. Mashabiki wa Simba na Yanga wanaojichora mwilini watanielewa haraka.

Ukitaka kuona mashindano yenyewe, nenda kwenye Bulabo huko Bujora, Kisesa, mwezi Juni, karibu na sikukuu ya Ekaristi Takatifu. Makumbusho yale yalianzishwa miaka ya 1950 na padre David Clement, Mkanada, aliyeona afadhali kanisa liikaribishe ngoma kuliko kuifukuza.

7. Na wale wacheza nyoka? Chale zao zinazuia sumu?

Hao ni Bayeye, chama cha wakamata nyoka. Mwanachama hufundishwa tabia za nyoka, dawa zake, na huchanjwa dawa ambayo husemwa ina sumu kavu ndani. Kwa Myeye, chale ni kitambulisho: anayezo amefundishwa, na kijiji humwita pale chatu anapoingia bandani.

Usalama wao hautoki kwenye chale. Unatoka kwenye ujuzi: wanajua kumshika, wanajua saa yake ya ukali. Sumu kidogo iliyopakwa mara chache kwenye ngozi haimpi mtu kinga ya kutegemewa. Ukiumwa, tulia, usikikate kidonda wala usikifunge kamba kwa nguvu, usisogeze kiungo kilichoumwa, na uwahi hospitali. Kuchanja juu ya jeraha la nyoka ni kumfungulia damu mtu ambaye huenda damu yake imeshakataa kuganda.

8. Kwa nini wavuvi na wachimbaji wa dhahabu wanachanjwa sana?

Kwa sababu kazi zao zina bahati nyingi na uhakika mdogo. Anayelima mpunga anajua takriban atavuna nini. Anayetega sangara usiku, au anayeshuka duarani, yaani shimo la dhahabu, huko Geita, anaweza kurudi na mamilioni, mikono mitupu, au asirudi kabisa. Panapokuwa na pengo kama hilo kati ya jasho na malipo, mganga hapati shida ya wateja.

Chale za kazi hizi hukaa mikononi na vifundoni. Wenyewe hawazionyeshi, maana kuonyesha dawa ni kuiharibu.

9. Wazee wa Kijaluo wa Rorya hawana meno ya mbele ya chini. Hiyo nayo ni chale?

Si chale, lakini ni ndugu yake wa karibu. Wajaluo waliyang'oa meno sita ya chini ya mbele kijana alipokaribia utu uzima; wanaita *nak*. Kwa kuwa hawakuwa na jando, meno ndiyo yaliyosema huyu amekua na huyu ni wetu. Wazee huongeza sababu nyingine: mtu akipatwa na pepopunda, taya likajifunga, uji ungepita kwenye pengo. Shule na makanisa viliiua desturi hii. Vijana wote wa Shirati utakaokutana nao leo wana meno yao.

10. Ndugu wa kuchanjiana ni nini?

Ni undugu unaotengenezwa kwa wembe. Watu wawili wasio wa damu moja huchanjwa, damu zao hubadilishana, na tangu siku hiyo hakuna kusalitiana wala kunyimana chakula. Wafanyabiashara wa misafara waliutegemea sana, kwa sababu ulimpa mgeni nyumba katika nchi asiyo na jamaa.

Mfano mashuhuri uko jirani na sisi. Aprili 1876 Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, na msafiri Henry Morton Stanley waliapishana undugu huko Serombo. Manwa Sera, nahodha wa msafara, ndiye aliyewakalisha wakitazamana, akawachanja mguu wa kulia kila mmoja na kubadilisha damu. Mwaka mmoja kabla, Stanley alikuwa Kageye, kwenye ghuba ya Speke, akiwaogopa watu wa Mirambo kuliko mamba.

Leo usifanye. Sababu iko 15.

## Wa jirani na wa mbali

11. Wale akina mama wenye miduara kuzunguka macho ni kina nani?

Wadatoga, huku Usukumani na Mara tunawaita Wataturu. Vikovu vidogo vimepangwa kuzunguka jicho kama shanga. Hiyo ni nembo hasa: urembo, na tangazo kwamba mwenye nayo ni Mdatoga. Usimwulize kama aliugua macho. Niliwahi kumsikia kijana wa mnadani akiuliza hivyo, na jibu alilopewa liliufanya mnada mzima ucheke.

12. Na Wamakonde?

Kama kuna watu Tanzania waliofanya ngozi kuwa ubao wa fundi ni Wamakonde, wa Mtwara na wa Msumbiji. Mistari, pembe zilizopangana, misalaba, usoni na tumboni na mapajani. Mkato ukasuguliwa mkaa. Wanawake wakaongeza ndonya kwenye mdomo wa juu. Michoro hiyohiyo utaiona kwenye vinyago vya zamani vya kichwa. Kuvumilia wembe bila kulia kulikuwa sehemu ya nembo yenyewe: aliyeitazama alisoma uzuri na ujasiri kwa pamoja.

13. Kwingineko Afrika alama zinasema mambo gani?

Nitataja mawili tu, kwa sababu yanaonyesha ncha mbili za wembe.

Wanuer wa Sudan Kusini hukata mistari sita ya sambamba kwenye paji, sikio hadi sikio, inaitwa *gaar*. Mvulana akishakatwa amekuwa mwanamume, na tangu hapo hakamui tena ng'ombe. Kukamua ni kazi ya wanawake na watoto. Uso umembadilishia hata ratiba ya asubuhi. Lakini mapigano yalipozuka Juba, Desemba 2013, paji lilelile liliripotiwa kuwa hatari: muuaji hakuhitaji kuuliza jina.

Wayoruba wa Nigeria waliwachanja watoto wachanga mashavuni kwa mitindo yenye majina, kama *pele* na *abaja*, kuonyesha ukoo na mji. Wakati wa vita na biashara ya utumwa, alama ilimsaidia mtu kutambua wa kwao aliyepotea. Leo wengi waliozipata utotoni wanazilalamikia, na sheria ya haki za mtoto ya Nigeria ya mwaka 2003 inakataza kumchanja mtoto alama za ngozi.

14. Kwa nini kuchagua maumivu, wakati shanga zingetosha?

Kwa sababu shanga zinavuliwa. Alama ya mwili haiazimwi, haiibiwi, haiuzwi njaa ikiingia. Jamii isiyo na vyeti ilihitaji kitu ambacho mtu hawezi kukikana kesho yake, na maumivu yalikuwa ndiyo muhuri: wote waliokuwepo waliona ukikatwa, nawe hutasahau nani alikushika bega.

## Afya

15. Hatari yenyewe ni ipi?

Wembe wa pamoja. Virusi vya UKIMWI na homa ya ini B hupita kwenye damu, na B inaambukiza kwa urahisi zaidi ya VVU. Pepopunda inaweza kuingia kupitia kidonda, hasa kilichopakwa unga uliokaa chini au majivu. Mganga akichanja familia nzima kwa wembe mmoja, amewafanya ndugu wa kuchanjiana bila kuwauliza.

Wembe mpya kwa kila mtu unapunguza hatari ya damu. Hauondoi ya dawa isiyojulikana inayopakwa humo. Kama umeshachanjwa kwa wembe wa pamoja, nenda kapime VVU na homa ya ini, na ukitaka kuchangia damu mwambie nesi tarehe uliyochanjwa.

16. Kovu langu limevimba na linawasha. Nimelogwa?

Hapana, ni keloidi: ngozi imejenga kovu kupita kiasi. Hutokea zaidi kwa watu weusi, hasa kifuani, mabegani na masikioni, na huenda likarithiwa. Usilikate tena, maana litarudi kubwa zaidi. Daktari wa ngozi ana sindano za kulilainisha. Cream za mitaani za "kufuta makovu" ziache. Nyingi huchubua ngozi na kovu likabaki palepale.

17. Mtoto akipata degedege, tuchanje tukielekea hospitali?

Msichanje. Degedege la homa kali mara nyingi ni malaria, na dakika mnazotafuta wembe ndizo mtoto anazozihitaji. Mlazeni ubavu, msimtie kitu mdomoni, mkimbieni.

## Sheria, kazi, dini

18. Kuchanja chale ni kosa?

Mtu mzima aliyekubali mwenyewe ni jambo moja. Mtoto ni jingine: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtendea mtoto ukatili, ikiwemo mila zinazomdhuru mwili au akili. Waganga wa tiba asili wanasimamiwa na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na wanatakiwa kusajiliwa. Upigaji ramli Serikali iliupiga marufuku Januari 2015, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino, mengi yakiwa Kanda ya Ziwa.

Ukeketaji usiuchanganye na haya. Kwa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu mwaka 1998.

19. Nikiomba upolisi, chale zitaninyima kazi?

Matangazo ya ajira za polisi huzungumzia michoro ya mwilini, yaani tatuu. Chale za bandama si mchoro. Ukiulizwa, eleza kwa ufupi kwamba ulichanjwa utotoni ukiumwa.

20. Dini inasemaje?

Wakristo hunukuu Walawi 19:28, inayokataza kujichanja kwa ajili ya wafu. Waislamu hunukuu hadithi zinazolaani kuchora mwili. Viongozi wengi niliowasikia wanatofautisha mtu mzima anayefuata kinga kwa mganga na mtu aliyechanjwa akiwa hajui kushoto wala kulia.

## Maswali ya pembeni

21. Kijijini wanachangisha fedha za kuleta lambalamba, waganga wa kusaka wachawi, wachanje kila kaya. Nikikataa nitaitwa mchawi. Nifanyeje?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote humu, kwa sababu hapo chale imeacha kuwa tiba, imekuwa kura. Asiyechanjwa ameshahukumiwa. Usisimame peke yako mkutanoni. Zungumza kwanza na majirani mnaoaminiana, kisha mtendaji wa kata, na polisi ikibidi, mapema kabla wageni hawajafika. Kama una mzee ndani ya nyumba, hasa bibi mwenye macho mekundu ya moshi wa kuni, ambayo wengine huyaita ya kichawi, usimwache peke yake siku hizo.

22. Nikimwona mzee mwenye alama, nimuulizeje?

Msalimie kwanza kwa salamu ya kwao. Kwa Msukuma, asubuhi: "Mwangaluka, bhabha," au "mayu" kwa mama. Kaa. Ongeeni mvua. Alama uliza mwisho, na kamera ibaki mfukoni mpaka akuruhusu. Za usoni ataeleza. Za mwilini, kama hajazitaja, hukuziona.

23. Shuleni wananicheka kwa chale. Wewe ulifanyaje?

Kidato cha kwanza waliniita Punda Milia mwaka mzima. Nilioga alfajiri kabla ya wote. Kisha siku moja bweni zima likasikia kwamba kiranja mkuu naye anazo, saba, mgongoni, na jina likafa lenyewe. Hesabu bwenini mwenu. Hauko peke yako.

24. Mama amefariki bila kuniambia chale zangu ni za nini. Nitajuaje?

Anza na mahali zilipo (namba 5), kisha mtafute shangazi au mama mdogo aliyekuwepo. Usiulize "nililogwa?" Uliza "niliumwa nini nikiwa mdogo?" Watu hufunguka zaidi kwa swali la pili.

Mimi nilimuuliza shangazi yangu huko Magu. Akanivua shati mwenyewe, akaweka kidole juu ya chale ya kwanza na ya pili: bandama, nilikuwa na miaka miwili, mvua ilikuwa inanyesha, walivuka mto maji yakiwa kiunoni. Nikamuuliza ya tatu, ile iliyopinda, ambayo kwa miaka mingi nilidhani ina siri kubwa kuliko zote.

"Hiyo?" akasema. "Ulirusha mguu, wembe ukateleza."